Baba wa Miaka 15: Nilivyojifunza Kutatua Mafumbo ya Umri kwa Aljebra

Mwaka 2008 nilimaliza kidato cha nne nikiwa na F ya Hisabati, na kwa miaka 14 iliyofuata nilikaa na matokeo yale bila kuyagusa. Nilijifunza ushonaji, nikafungua kibanda changu hapa Morogoro, nikazaa, nikalea. Mwaka 2022, nilipotaka kujiunga na chuo, masharti ya kozi niliyoichagua yalidai ufaulu wa Hisabati, kwa hiyo nikajiandikisha kurudia somo hilo moja kama mtahiniwa wa kujitegemea. Ninaandika haya kwa ajili ya yeyote aliye pale nilipokuwa mimi mwaka ule, hasa katika mada moja iliyonitesa kuliko zote na ambayo walimu wengi huipitia haraka kwa sababu wao wenyewe wanaiona nyepesi: mafumbo ya umri yanayotatuliwa kwa aljebra.

Nilianza kwa kujiunga na masomo ya jioni, siku tatu kwa wiki, kwa ada ya shilingi 40,000 kwa mwezi. Fedha hiyo haikuwa gharama kubwa kuliko zote. Jioni ndiyo saa ambayo wateja wangu hutoka kazini na kupita kuchukua nguo zao, na kila nilipofunga kibanda saa kumi na moja nilijua kwamba kuna mtu atakuta mlango umefungwa na pengine atapeleka kitenge chake kwa fundi mwingine. Darasani tulikuwa wengi kiasi kwamba mwalimu hakuweza kusoma njia ya kila mmoja. Alipita kati ya madawati akiangalia jibu la mwisho, akaweka alama ya vema au ya kosa, akaendelea. Simlaumu, lakini nalitaja jambo hili kwa sababu hapo ndipo kosa langu lilipojificha kwa miezi mitatu.

Swali la kwanza la umri tulilopewa lilikuwa hivi: mama ana umri mara tatu ya umri wa mwanawe, baada ya miaka 12, umri wa mama utakuwa mara mbili ya umri wa mwanawe, tafuta umri wa kila mmoja sasa. Niliuita umri wa mtoto x na umri wa mama 3x, na hadi hapo nilikuwa sahihi. Kisha nikaandika 3x + 12 = 2x. Nilipohamisha nilipata x = −12. Nilijua kwamba umri hauwezi kuwa hasi, kwa hiyo nikaamini kwamba ile alama ya kutoa imejitokeza kwa sababu ya kuhamisha vibaya, nikaifuta, nikaandika kwamba mtoto ana miaka 12 na mama ana miaka 36. Mwalimu alipita, akaweka vema.

Swali la pili lilihusu mama mwenye umri mara nne ya umri wa mtoto, ambaye baada ya miaka 20 atakuwa na umri mara mbili ya mtoto huyo. Nikafanya vilevile, nikapata −10, nikafuta alama, nikaandika 10 na 40. Vema tena. Nilifanya maswali ya namna hiyo karibu kumi, yote nikayapata, na nikarudi nyumbani nikiwa na hakika kwamba mada hii nimeimaliza. Ninasisitiza hali hiyo ya kuwa na hakika kwa sababu mtu anayejua kwamba hajui huuliza, lakini mimi nilikuwa na daftari lililojaa vema.

Mwezi wa nane tulifanya mtihani wa majaribio. Swali la umri lilisema kwamba baba ana umri mara tano ya umri wa mtoto wake, na kwamba baada ya miaka 6 atakuwa na umri mara tatu ya umri wa mtoto huyo. Nikaandika 5x + 6 = 3x, nikapata x = −3, nikafuta alama, nikajibu kwamba mtoto ana miaka 3 na baba ana miaka 15. Nikapiga mstari chini ya jibu kwa rula. Karatasi iliporudi, namba 15 ilikuwa imezungushiwa duara jekundu, na pembeni mwalimu aliandika: “Dada, huyu baba alizaa akiwa na miaka mingapi?” Nilitoa 3 katika 15 nikapata 12. Mwanangu mwenyewe wakati ule alikuwa na miaka 12. Katika mtihani mzima nilipata alama 22 kati ya 100, na jioni ile nilirudi kibandani nikakaa mbele ya cherehani bila kushona hata mshono mmoja, kwa sababu niliona wazi kwamba nimeandika jambo ambalo mtu mzima yeyote angelikataa angelisikia barazani, nami nimelikubali kwa kuwa tu limeandikwa kwa herufi na namba.

Aliyenionyesha kosa ni mwanangu, wakati huo akiwa darasa la sita. Na yeye alikuwa na hesabu za namna hii katika daftari lake, ila zake zilikuwa kwa Kiswahili, kwa kuwa shule ya msingi ya serikali hufundisha kwa Kiswahili, na sekondari hufundisha kwa Kiingereza. Alichukua karatasi yangu, akaniomba nimtafsirie swali, akasikiliza hadi mwisho, kisha akatazama mstari wangu wa kwanza na kuuliza, “Mama, kwani mtoto hakui?”

Sikuelewa. Akaweka kidole juu ya 6. “Baba umemwongezea miaka 6. Mtoto umemwacha palepale.”

Mimi ni fundi wa nguo. Mteja akiniambia nipunguze mikono ya gauni kwa inchi mbili, siwezi kupunguza mkono mmoja nikauacha mwingine. Lakini kwa miezi mitatu nilikuwa nikimzeesha baba na kumwacha mtoto amesimama. Mlinganyo wa kweli ulikuwa 5x + 6 = 3(x + 6), kwa sababu ile mara tatu haihusu umri wa mtoto wa leo, inahusu umri atakaokuwa nao siku hiyo. Ukifungua mabano unapata 5x + 6 = 3x + 18, kisha 2x = 12, na x = 6. Mtoto ana miaka 6, baba ana miaka 30. Baada ya miaka 6 watakuwa na 12 na 36, na 36 ni mara tatu ya 12.

Usiku ule nilirudia yale maswali yote yenye vema, kwa sababu nilitaka kujua iliwezekanaje njia mbovu ikatoa majibu mazuri. Nililigundua jambo ambalo ningependa kila mwanafunzi alione kwa macho yake. Katika swali la mama na miaka 12, njia sahihi ni 3x + 12 = 2x + 24. Ukitoa 12 pande zote, upande wa kulia unabaki na 12. Katika njia yangu upande wa kulia haukuwa na kitu zaidi ya 2x, kwa hiyo ukitoa 12 unabaki na −12. Ni namba ileile, imegeuka alama tu. Hali hiyo hutokea kila mara swali linaposema “mara mbili”, kwa sababu 2 ukizidisha kwa miaka iliyoongezwa kisha ukatoa miaka hiyohiyo mara moja, unabaki na miaka hiyohiyo. Swali likisema “mara tatu” bahati hiyo inakwisha: 18 ukitoa 6 inabaki 12, wala si 6. Maswali yetu yote ya mazoezi yalikuwa ya mara mbili. Kwa hiyo, ikiwa unajifunza peke yako, usiridhike na maswali kumi yanayofanana. Tafuta la mara tatu, la nusu, la miaka iliyopita na la jumla, uone kama njia yako inasimama kote.

Na alama ya kutoa ikitokea mahali ulipotegemea umri wa mtu, usiifute. Rudi kwenye mstari wa kwanza, kwa sababu karibu kila mara kosa liko pale. Kuna aina moja tu ya swali ambamo jibu hasi lina maana, nayo ni pale herufi yako inaposimamia muda. Chukua mama mwenye miaka 40 na mtoto mwenye miaka 22, kisha uulizwe ni baada ya miaka mingapi mama atakuwa na umri mara tatu ya mtoto. Mlinganyo ni 40 + t = 3(22 + t), na jibu ni t = −13. Hapo hakuna kosa lolote. Mlinganyo unakuambia kwamba jambo hilo lilikwisha kutokea miaka 13 iliyopita, mama alipokuwa na 27 na mtoto 9.

Baada ya hapo mwanangu alinifundisha jedwali alilochorewa na mwalimu wake, na tangu siku ile sijatatua fumbo la umri bila jedwali hilo. Safu moja huandikwa “sasa”, nyingine huandikwa wakati ambao swali linautaja, na kila mtu anapewa mstari wake. Kabla ya kugusa swali lolote tulijaza umri wetu sisi wawili: mimi 34, yeye 12. Akauliza ni lini atakuwa na nusu ya umri wangu. Nilitaka kuandika mlinganyo, yeye akasema tutazame tofauti kwanza. Tofauti yetu ni 22, na itabaki 22 hata mimi nikiwa bibi na yeye akiwa na ndevu nyeupe. Siku atakayokuwa nusu yangu, miaka yake itakuwa sawa na tofauti hiyo, yaani yeye 22 na mimi 44, ambayo ni miaka 10 kutoka mwaka ule. Nilijaribu kwa mlinganyo, 34 + t = 2(12 + t), nikapata t = 10. Tangu hapo ninaitumia tofauti kukagua jibu langu, kwa kuwa ndiyo kitu pekee katika mafumbo haya kisichobadilika wakati wowote. Ikiwa tofauti ya umri katika safu ya “sasa” si sawa na tofauti katika safu ya pili, kuna mtu umemwacha nyuma, na huna haja ya kuendelea mbele hadi umpate.

Sasa nije kwenye lugha, ambako naamini wengi wetu tunaangukia. Kwa miezi ile mitatu nilikuwa ninasoma swali la Kiingereza na kuokota namba tu: tano, sita, tatu. Sikuwa ninasoma habari. Nilipoanza kulisimulia kila swali kwa Kiswahili kabla ya kuandika chochote, kana kwamba ninamweleza jirani habari za familia fulani, niligundua kwamba vitenzi vyetu vinabeba wakati ndani yake. “Alikuwa” ina -li-, na -li- inaniambia nirudi nyuma, nitoe miaka kwa kila mtu aliyetajwa. “Atakuwa” ina -ta-, na -ta- inaniambia niende mbele, nimwongezee kila mtu. “Ana” inanibakiza katika safu ya sasa. Nikawa ninapigia mstari -li- na -ta- katika usimulizi wangu, na jedwali likawa linajijaza karibu lenyewe. Jibu la mtihani wa sekondari lazima liandikwe kwa Kiingereza, nami niliandika hivyo, lakini kufikiri nilifikiri kwa Kiswahili pembeni ya karatasi, kwa penseli.

Hata hivyo Kiswahili nacho kina mitego yake. “Amemzidi miaka 6” ni kujumlisha, na “ana umri mara 6” ni kuzidisha. Mtu aliyechoka huyachanganya. Maneno “mara tatu zaidi” ninashauri uyaepuke kabisa unapotafsiri, kwa sababu wasomaji wawili wanaweza kuyaelewa kwa namna mbili. Sema “mara tatu ya”. Sentensi zenye “pungufu” zinataka subira zaidi. Ukiambiwa kwamba umri wa Neema ni pungufu kwa miaka 4 ya mara mbili ya umri wa Juma, namba 4 imetajwa kwanza, lakini katika mlinganyo inakuja mwisho: 2j − 4. Niliandika 4 − 2j mara nyingi kabla mkono haujazoea.

Kuna mambo mengine mawili yaliyonipotezea alama nyingi. La kwanza ni mabano. Nilikuwa ninajua MAGAZIJUTO tangu shule ya msingi, mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa, lakini katika 3(x + 6) hakuna namba mbili za kujumlishwa ndani ya mabano, kwa hiyo nilizidisha x peke yake na kupata 3x + 6. Mtu wa pili ndani ya mabano naye anazidishwa. La pili ni huko “kuhamisha”. Tulifundishwa kwamba namba ikivuka alama ya sawasawa inabadilisha alama yake, nami nilikariri bila kujua sababu, ndiyo maana nilipoona alama ya kutoa nilidhani imezaliwa njiani. Ukweli ni kwamba hakuna kinachovuka. Tunaongeza au kutoa kitu kilekile pande zote mbili. Neno aljebra lenyewe limetokana na neno la Kiarabu al-jabr, alilolitumia Al-Khwarizmi, mwanahisabati aliyefanya kazi Baghdad katika karne ya 9, kwa maana ya kurejesha kilichopunguzwa ili pande zikamilike. Nilipolijua hilo niliacha kuhamisha, nikawa ninaandika mstari mmoja zaidi unaoonyesha ninachokifanya pande zote, na makosa ya alama yakapungua sana.

Maswali ya jumla nayo yanataka kila mtu ahesabiwe. Jumla ya umri wa dada wawili ni miaka 34, na miaka 5 iliyopita mkubwa alikuwa na umri mara mbili ya mdogo. Mdogo sasa ni y, mkubwa ni 34 − y. Miaka 5 iliyopita walikuwa y − 5 na 29 − y. Basi 29 − y = 2(y − 5), yaani 39 = 3y, na y = 13; mkubwa ana 21. Nilipolifanya mara ya kwanza nilisema kwamba jumla yao miaka 5 iliyopita ilikuwa 29, ilhali ilikuwa 24, kwa kuwa kila mmoja alikuwa amepungukiwa na miaka mitano yake. Na popote utakapoandika herufi, iandikie maana yake kamili, mtu na wakati: “y ni umri wa mdogo sasa”. Kuandika “y ni mdogo” hakutoshi, kwa sababu ukifika mwisho hutajua kama 13 ni umri wa leo au wa miaka mitano iliyopita, na swali huuliza mmojawapo tu.

Nilifanya mtihani wa taifa mwezi wa Novemba. Ulikuwa wa saa tatu, wenye maswali 10 ya alama 6 kila moja katika sehemu ya kwanza na manne ya alama 10 katika sehemu ya pili. Kwa hesabu hiyo, mada moja iliyoeleweka barabara ina uzito kwa mtu anayetafuta alama 30 za D au 45 za C. Matokeo yalipotoka nilikuwa na C. Masomo ya jioni yalinigharimu shilingi 240,000 kwa miezi sita, pamoja na wateja ambao hawakurudi, na ninaamini miezi mitatu kati ya hiyo ningeliokoa kama ningelimwomba mtu yeyote mapema asome njia yangu badala ya jibu langu.

Nakuachia swali ambalo tulikaa nalo siku mbili mimi na mwanangu, kwa sababu limekusanya kila kitu nilichokieleza. Amina ana umri mara mbili ya umri aliokuwa nao Juma wakati Amina alipokuwa na umri alionao Juma sasa. Jumla ya umri wao ni miaka 42. Usianze mwanzo wa sentensi, anzia mwisho. “Alionao Juma sasa” ni y. Amina, ambaye sasa ni x, aliwahi kuwa na y, kwa hiyo tunarudi nyuma miaka x − y. Wakati huo Juma naye alikuwa mdogo kwa miaka hiyohiyo, yaani y − (x − y), ambayo ni 2y − x. Huo ndio umri “aliokuwa nao”. Basi x = 2(2y − x), na 3x = 4y. Ukiunganisha na x + y = 42 unapata Amina 24 na Juma 18; miaka 6 iliyopita walikuwa 18 na 12, na tofauti ni 6 katika safu zote mbili. Ukipata majibu mengine, tenganisha upya “aliokuwa nao” na “alionao”, kila moja katika safu yake, kisha utazame kama Juma umemrudisha nyuma pamoja na Amina.